Regyuleta ya Kuzamia: Tazama Joto la Maji, Kisha Tope
Ikiwa unazamia katika Ziwa Victoria upande wa Kisumu, ambako maji huwa na joto la nyuzi 23 hadi 28 hivi, usilipe zaidi kwa ajili ya regyuleta (kifaa kinachopunguza shinikizo la hewa ya mtungi ili mzamiaji aweze kuivuta) kwa sababu tu muuzaji anaisifu kwamba haigandi kwenye baridi kali. Hewa inapotoka kwenye mtungi wenye shinikizo la bar 200 na kupanuka ghafla, hupoa sana, na katika maji yaliyo chini ya nyuzi 10 ubaridi huo unaweza kutengeneza barafu kwenye sehemu inayofungwa mtungini, vali ikakwama ikiwa wazi na hewa ikamwagika mfululizo. Ndiyo maana baadhi ya regyuleta zilizopimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 250 huandikwa ">10°C", yaani hazikukusudiwa maji ya baridi zaidi ya hapo.

Hata hivyo, mimi ningechagua regyuleta yenye kiwambo kilichozibwa, yaani ambayo maji hayafiki kwenye springi yake ya ndani, kwa sababu nyingine kabisa: tope. Regyuleta ya pistoni iliyo wazi, inayotumia pistoni badala ya kiwambo, huruhusu maji kufika hadi kwenye springi, na fundi alipoifungua ya kwangu baada ya kuzamia katika Ghuba ya Winam, iliyoko Kisumu, tulikuta utando laini wa tope la kijivu kati ya mikunjo ya springi hiyo, ingawa nilikuwa nikiisuuza kila mara. Unapoisuuza, hakikisha kifuniko cha vumbi, kinachoziba tundu la kuingizia hewa kutoka mtungini, kimekazwa. Ukisafiri kwenda kuzamia Ulaya wakati wa baridi, kodisha huko iliyopimwa kwa nyuzi 4.