Jinsi ya kupima maoni ya watazamaji kuhusu Juana la Loca

Usianze na nyota ambazo watazamaji wameipa filamu. Anza na malalamiko, kisha jiulize: huyu alitaka filamu gani? Anayelalamika kwamba Juana la Loca (yaani Juana Mwendawazimu), filamu ya Kihispania ya mwongozaji Vicente Aranda ya mwaka 2001, ina mapenzi mengi na siasa kiduchu amekupa habari ya maana. Ni hadithi ya mke mwenye wivu mkali, na mimi ndivyo ninavyoipenda.

Ila ijue historia kidogo. Juana, aliyekuja kuwa malkia wa Castilla (ufalme wa zamani katika Uhispania ya leo), aliolewa na Felipe mwaka 1496, akafiwa naye katika mji wa Burgos mwaka 1506. Kuanzia 1509 alifungiwa katika mji wa Tordesillas hadi alipofariki mwaka 1555. Miaka 46, na muda wote huo ni malkia kwa jina! Baba yake alitawala Castilla yeye akiwa ndani, kisha mwanawe Carlos naye akamwacha humo humo. Kwa hiyo mtazamaji akisema mapenzi tu ndiyo yaliyomtia wazimu, msome kwa tahadhari. Mimi huwasikiliza zaidi wanaokasirika kwa niaba yake. Wameona dhuluma iliyofunikwa kwa jina la ugonjwa.

Wanaomsifu Pilar López de Ayala, anayemwigiza Juana, waamini tu. Alipata Goya, tuzo ya filamu ya Uhispania, ya mwigizaji bora wa kike, na aliistahili. Mtazame usoni, usikazane na maandishi ya chini peke yake.

Sifa za mavazi na majumba zipite haraka. Halafu itazame mwenyewe, watoto wakishalala, maana ya chumbani hayakufichwa.