Sabuni ya nazi inayotoa povu kwa maji ya chumvi

Kwenye visima vya maji ya chumvi vya Lamu, sabuni nyingi hazitoi povu. Ya nazi hutoa. Karibu nusu ya asidi za mafuta ya nazi ni lauriki, yenye kaboni 12 tu, na sabuni yake huyeyuka hata penye chumvi. Ya mafuta ya ng'ombe, yenye kaboni 16 hadi 18, huganda.

Andaa mafuta ya nazi gramu 1,000, maji ya mvua gramu 350, na kostiki soda, yaani haidroksaidi ya sodiamu: gramu 178 kwa sabuni ya kufulia, 146 kwa ya kuogea ili mafuta kiasi yabaki, maana ya nazi tupu hukausha ngozi. Pima kwa mizani, si kikombe.

1. Mafuta yaliyopikwa kwa tui yachemshe mpaka yaache kutokota, kisha yachuje kwa kitambaa. Masalio ya tui yana protini. Kostiki ikizivunja, sabuni hunuka amonia.

2. Vaa glavu na miwani. Tia kostiki kidogo kidogo ndani ya maji, kamwe usimwagie maji kostiki: hutokota ghafla na kukurukia. Tumia ndoo ngumu ya plastiki au chombo cha stili. Sufuria ya alumini italika na kutoa haidrojeni, gesi inayolipuka. Kostiki ikikugusa ngozi, osha kwa maji mengi, usipake siki.

3. Vyote vikipoa hadi nyuzi 40 hivi, mimina kostiki kwenye mafuta huku ukikoroga. Molekuli ya mafuta ni gliseroli iliyoshikana na asidi tatu kwa vifungo vya esta, na kila kifungo hula haidroksaidi moja. Minyororo ya kaboni ya asidi hizo ikiwa mifupi, kilo moja huwa na molekuli nyingi zaidi, hivyo hutaka kostiki zaidi. Kilo ya mafuta ya ng'ombe hutosheka na gramu 140 hivi. Ukiitilia 178, sabuni itakuchoma.

4. Ikiwa kama uji mzito, mwiko ukiacha alama juu yake, mimina kwenye kasha lililotandikwa plastiki. Kata kabla saa 12 hazijapita tangu kumimina, la sivyo itapasuka chini ya kisu. Weka kivulini wiki 4.

Sabuni ikibaki na mafuta kuliko ulivyopanga, angalia kostiki yako. Ikikaa wazi hunyonya unyevu wa pwani na kaboni dioksidi ya hewani na kugeuka kabonati, jamii ya magadi, isiyo na nguvu ya kuvunja esta. Mizani itasoma 178 ile ile. Nunua mpya, ufunge kifuniko kwa kukaza.