Jinsi ya Kutumia Akili Mnemba Unapofanya Kolonoskopi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya madaktari na wauguzi wa chumba cha endoskopi ambao hospitali yao imepata, au inakaribia kupata, mfumo wa akili mnemba unaosoma picha za utumbo mpana papo hapo wakati kolonoskopi, yaani kipimo cha kutazama utumbo huo kwa mrija wenye kamera, inaendelea. Mfumo wa aina hii huunganishwa kati ya prosesa ya endoskopi na skrini, husoma kila picha inayotoka kwenye kamera iliyo kwenye ncha ya mrija, na ukiona kitu kinachofanana na polipu (kivimbe kinachoota kwenye ukuta wa utumbo) hukizungushia kisanduku cha rangi, aghalabu kijani. GI Genius, mfumo wa kwanza wa namna hiyo kuidhinishwa Marekani, mwezi Aprili 2021, uliidhinishwa kwa kazi hiyo tu: kuonyesha mahali, bila kusema kilichopo ni nini. Ipo mifumo mingine, kama EndoBRAIN ya Japani, iliyotengenezwa kwa ajili ya kukadiria aina ya kivimbe. Ni lazima ujue ulichonunua ni kipi kati ya hivyo viwili, kwa sababu makosa yake hayafanani.

Mashine huona kile tu ambacho kamera imeelekezwa kukiona. Polipu iliyojificha nyuma ya mkunjo, au iliyofunikwa na kinyesi, kwa mashine haipo kabisa. Ndiyo maana matumizi mazuri ya akili mnemba huanza jioni ya siku iliyotangulia, mgonjwa anapokunywa nusu ya dawa ya kusafisha tumbo, kisha nusu iliyobaki alfajiri, akimaliza angalau saa mbili kabla ya kipimo. Usafi upimwe kwa vipimo vya Boston, ambavyo hutoa alama 0 hadi 3 kwa kila moja ya sehemu tatu za utumbo mpana. Sehemu yoyote iliyopata chini ya 2 haijaandaliwa vya kutosha, na ukimya wa mashine katika sehemu hiyo usiuhesabu kuwa ni habari njema.

Kabla mgonjwa hajalazwa ubavu, muuguzi ahakikishe kuwa picha haicheleweshwi, kwamba sauti ya tahadhari imepunguzwa au kuzimwa, na kwamba mfumo ukizimika ghafla picha ya kawaida inabaki kwenye skrini. Mgonjwa naye aelezwe kwa lugha nyepesi kwamba kompyuta itamsaidia daktari kutazama, na kwamba anayeamua ni daktari.

Wakati wa kuingiza mrija, ninashauri visanduku vizimwe, kwa kuwa kazi ya wakati huo ni kufika mwisho wa safari bila kumuumiza mtu. Ukifika mwanzo wa utumbo mpana, piga picha ya tundu la kidole tumbo na ya vali inayopakana na utumbo mwembamba, ndipo uwashe mfumo na uanze kurudi. Kurudi huko kusipungue dakika 6, na miongozo ya Marekani ya mwaka 2024 imepandisha wastani hadi dakika 8, bila kuhesabu muda wa kukata polipu.

Hapa ndipo ustadi unapohitajika zaidi. Kisanduku kinachowaka na kuzimika mara moja mara nyingi ni povu, tone la maji, alama ya kufyonzwa, au mkunjo uliojikusanya. Uchunguzi mmoja wa Italia ulihesabu tahadhari za uongo takriban 27 kwa kila kipimo, nyingi zikitokana na ukuta wa utumbo wenyewe. Huwezi kuzifukuza zote, wala huna haja. Osha kwa maji, jaza hewa kidogo mkunjo utandazike, kisha sogeza ncha uitazame sehemu ileile kutoka upande mwingine; kisanduku kikirudi palepale na kutulia, sogea karibu. Jihadhari pia na kinyume chake. Vivimbe bapa vya upande wa kulia, vyenye mipaka iliyofifia kama ukingo wa wingu na vilivyofunikwa na utando wa ute, vinaweza kupita bila kisanduku chochote, na jicho linalosubiri kuonyeshwa halitaviona. Tazama wewe kwanza, mashine ikuongezee.

Nyongeza hiyo ipo. Katika uchunguzi wa Chengdu, China, uliochapishwa mwaka 2019 ukihusisha wagonjwa 1,058, adenoma, yaani polipu za aina inayoweza kugeuka saratani, zilipatikana kwa asilimia 29.1 ya waliopimwa kwa msaada wa mashine, dhidi ya asilimia 20.3 ya wengine. Italia, mwaka 2020, ilikuwa asilimia 54.8 dhidi ya 40.4. Hata hivyo sehemu kubwa ya ziada hiyo ni vivimbe vidogo, na mwaka 2025 jopo la jarida la BMJ lilitoa pendekezo hafifu la kutoutumia mfumo huu kama utaratibu wa kila siku. Nalitaja hili ili mkurugenzi wa hospitali asiuziwe ahadi isiyokuwepo.

Kwetu Afrika Mashariki kuna tahadhari nyingine. Wagonjwa wetu wengi huja wakiwa tayari wanatoa damu kwenye haja kubwa, si kwa uchunguzi wa watu wazima wasio na dalili, na kandokando ya Ziwa Victoria kichocho cha tumbo huweza kuotesha polipu zake chenyewe. Picha zilizofundishia mifumo hii zilitoka zaidi Asia ya Mashariki, Ulaya na Marekani. Kisanduku kinaweza kuionyesha polipu ya kichocho vizuri tu, lakini jina lake litatoka kwa mwanapatholojia, kwa hiyo chukua kinyama ukipeleke maabara.

Kuhusu makadirio ya aina, wapo wanaoviacha vivimbe vya puru na sigmoidi (sehemu ya utumbo mpana inayotangulia puru) visivyozidi milimita 5 mashine ikisema si adenoma. Sharti linalokubalika ni kwamba jibu hilo la "si adenoma" liwe sahihi angalau mara 90 kati ya 100. Mpaka uwe umelinganisha majibu ya mashine yako na ya maabara yako, kata na upeleke.

Katika ripoti, andika ukubwa kwa kulinganisha na koleo za biopsi (za kuchukulia kinyama) ambazo upana wake unaujua, mahali, umbo, na iwapo ni wewe au mashine iliyotangulia kukiona. Tenga pia siku za kufanya kazi bila mfumo, na hesabu zake ziwe kwenye safu ya peke yake. Nchini Poland, madaktari wazoefu waliokwisha kuizoea mashine walipopima bila msaada wake, kiwango chao cha kupata adenoma kilikuwa kimeshuka kutoka asilimia 28.4 hadi 22.4, na hilo lilionekana kwa sababu tu vipimo vya bila mashine vilikuwa vimehesabiwa kando.