Wekibodi kwenye maji chumvi: mambo ya kuzingatia kabla ya kushusha boti

Anayetafuta mahali pa kuteleza kwa wekibodi, yaani ubao unaofungwa miguuni huku ukivutwa na boti, pwani ya Kenya huuliza kwanza maji yametulia wapi. Swali hilo lina maana, ila liwe la pili. La kwanza ni bomba la maji matamu liko wapi na umbali gani kutoka mahali pa kushushia boti. Boti nyingi za mchezo huu zimebuniwa kwa ajili ya maziwa. Baharini zinadumu vizuri, mradi kila siku ya mchezo imalizike kwa maji matamu kupita ndani ya injini. Bomba likiwa mbali, kazi hiyo huachiwa kesho, na kufikia kesho chumvi imeshakauka ndani ya njia za kupozea.

Onja maji hayo kabla ya kuyategemea. Visima vingi karibu na ufuo vina chumvichumvi, hasa kiangazi. Bado ni afadhali kuliko maji ya bahari, lakini huacha ukoko. Kama ndiyo pekee yaliyopo, beba maji ya mvua au ya mfereji kwenye pipa. Yawe ya kutosha kusafisha injini, bodi na trela bila kubana.

Sasa maji yenyewe. Bahari ya wazi, hata ndani ya mwamba, huwa na viwimbi vya kugongesha magoti, kwa hiyo watu huingia kwenye mahori, yaani mikono ya bahari inayoingia bara. La Kilifi linafaa zaidi kwa sababu ukishapita daraja kuelekea bara linapanuka hadi sehemu pana iitwayo Bahari ya Wali, na mikoko ya kandokando hupunguza upepo. Mtwapa ni pembamba na boti nyingine ni nyingi. Mida, huko Watamu, sahau: maji ni haba na ni eneo la hifadhi ya baharini. Kilindini ni njia ya meli.

Unachotafuta ni mstari ulionyooka wa mita 500 au zaidi, upana wa mita 150, na kina kisichopungua mita 2 mahali popote anapoweza kuangukia mtu. Kwa kasi ya kilomita 30 kwa saa, mita 500 zinakwisha kwa dakika 1. Mstari mfupi kuliko huo utakufanya ugeuze kila mara, na kila ukigeuza unayapanda mawimbi yako mwenyewe.

Kina hakisomwi kwa macho. Siku ya bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji yakiwa yamepwa kabisa, pita polepole na mtumbwi au boti ndogo, uyaone mafungu ya mchanga na mawe, uyatie alama kwenye GPS. Bamvua kubwa maji hupanda na kushuka karibu mita 4, basi fungu unalolikanyaga kwa miguu saa 4 asubuhi litakuwa limefunikwa kabisa saa 10 alasiri, wala hutaona dalili yake. Waulize pia wavuvi wa hapo nyavu za jarife hutegwa wapi na mitego ya madema iko upande gani. Ni kuwatakia kheri, na ni kuiokoa rafadha (propela) yako.

Ratiba ya maji na upepo ndiyo inayoamua siku. Asubuhi upepo wa umande huvuma kwa upole kutoka bara na hori huwa shwari; kuanzia saa 5 hivi upepo wa baharini huanza kuchafua maji. Wakati wa bamvua maji hupwa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 alasiri: ukipata utulivu hupati kina, ukipata kina unapata upepo. Wiki ya maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka. Maji hujaa katikati ya asubuhi, tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo na mkondo ni dhaifu. Wenye likizo hupanga safari kwa kufuata Jumamosi. Afadhali waifuate kalenda ya mwezi. Epuka pia wiki za mvua za masika, kwani mito inayomwaga ndani ya hori huleta magogo yanayoelea nusu chini ya maji. Kusi, yaani upepo wa msimu kutoka kusini, ikishika, mchezo ni wa alfajiri tu.

Kwenye boti wawe watu wawili angalau: nahodha anayetazama mbele na mwingine anayemtazama anayevutwa. Kamba isiyonyumbuka ya mita 18 hadi 21 inatosha. Anayejifunza apewe mita 15. Kasi ni kilomita 25 hadi 30 kwa saa kwa anayeanza, na 30 hadi 36 kwa mzoefu. Jaketi la kuelea ni lazima. Ukimrudia aliyeanguka, mkaribie upande wa nahodha ili usimpoteze machoni, na uzime injini kabla hajashika boti. Asiwepo mtu kwenye jukwaa la nyuma injini ikiwaka: moshi wake una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu ya kumwonya, na huua. Injini ya petroli iliyo ndani ya boti iwashiwe feni ya kutoa mvuke wa petroli dakika 4 kabla ya kuguswa swichi. Kuhusu farumi, yaani maji yanayojazwa kuongeza uzito wa boti, kumbuka maji ya bahari ni mazito kidogo: lita 400 zina uzito wa kilo 410, na uzito huo uhesabiwe pamoja na abiria. Baada ya mchezo yamwage yote, kisha pitisha maji matamu, la sivyo pampu zake zitakuwa za kwanza kukwama.

Kusafisha injini kuna namna mbili na makosa yake ni tofauti. Injini ya nje huvishwa vikombe vya mpira kwenye tundu za kuvuta maji. Fungua maji kwanza, ndipo uwashe, gia ikiwa katikati na rafadha imetolewa. Iache iungurume taratibu dakika 10 hadi 15. Dakika 2 hazisaidii, kwa sababu themostati, kilango kinachofunguka injini ikipata joto, haijafunguka na maji hayajafika kwenye kichwa cha injini, palepale chumvi inapojikusanya. Bila bomba lenye presha, zamisha mguu wa injini kwenye pipa la lita 200 hadi maji yapite juu ya tundu za kuvuta, na ubadilishe maji yakianza kuwa na ladha ya chumvi. Injini ya ndani ni kinyume: maji yasisukumwe kwa presha ikiwa imezimwa, maana hujaza ekzosi na kurudi hadi kwenye silinda. Washa na ufungue bomba kwa pamoja, na ukimaliza funga bomba kwanza. Hata ile inayopozwa na kulenti yake yenyewe inahitaji kazi hii, kwa kuwa bado maji ya bahari hupita kwenye kipozeo na ekzosi. Ekzosi za chuma cha kumimina huliwa kutoka ndani. Zifunguliwe na kukaguliwa kila mwaka, kwani zikitoboka maji huingia kwenye injini bila kelele.

Impela, yaani gurudumu la mpira ndani ya pampu ya maji, ibadilishwe kila mwaka hata kama inaonekana nzima. Mchanga wa maji ya kupwa huisaga, na kipande kikikatika hukwama ndani ya njia ya maji. Oili ya gia ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Aghalabu chanzo ni mshipi wa mvuvi uliojizungushia nyuma ya rafadha na kukata sili, basi ivue rafadha mara kwa mara uangalie. Anodi, vile vipande vya chuma vinavyofungwa kwenye injini, ndizo zinazoliwa na chumvi badala ya injini. Boti iliyotoka ziwani huenda ina za magnesiamu, ambazo baharini huisha upesi mno. Weka za zinki au alumini, zigusane na chuma kitupu, usizipake rangi, na uzibadilishe zikibaki nusu.

Trela husahaulika na ndilo linalokuacha njiani. Baada ya safari ndefu, vitovu vya magurudumu vikiwa bado vya moto, subiri vipoe kabla ya kuyaingiza majini. Vikipoa ghafla huvuta maji chumvi kupitia sili hadi kwenye beringi. Zipake grisi ya baharini, osha springi na breki, na usisahau upande wa ndani wa rimu.

Ikiwa boti itakaa zaidi ya wiki mbili, kama miezi ya kusi, jaza tangi la mafuta ili unyevu usipate nafasi, badilisha chujio la kutenga maji, kata betri, na uache injini ya nje ikiwa wima hadi tone la mwisho litoke. Kizibo cha ngama, yaani chini kabisa ndani ya boti yanapokusanyika maji, kitoe na ukifunge kwenye usukani, mahali ambapo hakuna atakayeondoka bila kukigusa.