Kuhama kutoka pikipiki ya spoti kwenda kruza

Pikipiki ya spoti, ile unayoiendesha umeinama mbele, haikutengenezwa kwa ajili ya mwendo wa kilomita 50 kwa saa. Ukienda kasi, upepo unakupiga kifuani na kuubeba mwili. Ukienda polepole upepo haupo, na uzito wote wa kiwiliwili unashukia viganjani. Ndiyo maana mtu anatoka Dar es Salaam na Yamaha R6, anafika Morogoro vidole vimekufa ganzi, na wala hakukimbia: kila kijiji kina kibao cha 50, trafiki ana tochi yake kivulini, na gia ya kwanza peke yake ya R6 inavuka kilomita 100 kwa saa. Mashine hiyo haipati nafasi ya kufanya kazi yake, na wewe ndiye unayelipa kwa viganja, shingo na kiuno.

Kruza, yaani pikipiki ya kiti cha chini unayoikalia wima, inauondoa mzigo viganjani. Lakini mzigo haupotei, unahamia kwenye makalio na kifandugu. Wengi husahau hilo wakiwa dukani wanabonyezabonyeza kiti kwa kidole gumba.

Angalia miguu kabla ya kiti

Kwenye spoti miguu iko nyuma na juu, hivyo ukifika kwenye tuta unasimama kidogo na magoti yanameza pigo. Kwenye kruza vikanyagio viko katikati, yaani karibu chini ya magoti, au viko mbele kabisa, miguu imenyooka kama umekaa kwenye kochi. Hiyo ya mbele inapendeza kwenye picha na kwenye lami ndefu isiyo na shimo. Kwenye barabara zetu ni adhabu, kwa sababu huwezi kujinyanyua.

Kipimo chake ni rahisi. Mtu aishikilie pikipiki wima, wewe ukae, miguu kwenye vikanyagio, mikono kwenye usukani. Nyanyua makalio bila kuuvuta usukani. Ukiweza kunyanyuka sentimita 5 tu, inatosha. Ukishindwa, jua kwamba kila tuta kati ya kwako na kazini utalipokea kwa uti wa mgongo, hata kiti kiwe laini namna gani. Halafu kaa hapohapo nusu saa nzima. Muuzaji atachoka, mwache achoke. Maumivu ya kiti kibaya huanza baada ya dakika 20 hivi.

Angalia pia safari ya shokapu za nyuma. R6 ina milimita 120 za kupanda na kushuka. Kawasaki Vulcan S ina 80. Kiti cha kruza kimeshushwa kwa kukata urefu huo, kwa hiyo spoti uliyoiona ngumu inaweza kumeza shimo vizuri kuliko kruza uliyoiona laini.

Ipi inafaa kwa anayetoka kwenye spoti

Honda Rebel 500 ndiyo njia fupi kuliko zote. Injini yake ya cc 471 ni ndugu wa ile ya spoti ya CBR500R, ina gia sita, vikanyagio viko katikati, kiti kiko milimita 690 tu kutoka chini, na uzito ni kama kilo 190, sawa na R6 yenyewe. Kasoro yake ni tenki la lita 11.2. Morogoro utafika bila wasiwasi, lakini Dodoma lazima ujaze njiani.

Vulcan S ina injini ya cc 649 iliyotokana na ya Ninja 650. Ni nzito zaidi, inavuka kilo 225, na vikanyagio vyake viko mbele, ila vinasogezwa milimita 25 huku au kule. Mtu mfupi aombe visogezwe nyuma kabla hajalipa. Uwazi wa chini, yaani kati ya tumbo la pikipiki na barabara, ni milimita 130, na kwa matuta ya vijijini hapo ni padogo.

Royal Enfield Meteor 350 ni ya polepole: nguvu yake ni farasi 20, na anayetoka kwenye mashine ya farasi zaidi ya 100 atahisi ameshikwa shati. Lakini uwazi wake wa chini ni milimita 170, tenki ni lita 15, na kwenye barabara mbovu inazipita zote mbili za juu. Kama mwendo wako mara nyingi hauzidi kilomita 90 kwa saa, anza nayo.

Ukitaka sauti ya injini ya silinda mbili zilizopangwa kama herufi V, kruza kuukuu za Kijapani kama Yamaha Drag Star 650 zinapatikana, na zinatumia shafti, yaani mhimili wa chuma unaozungusha gurudumu la nyuma, badala ya cheni. Kabla hujapenda, soma namba za tairi. Drag Star Classic inavaa 170/80-15 nyuma. Hiyo huikuti kwenye duka la tairi za bodaboda. Ulizia bei na muda wa kuagiza kabla hujanunua pikipiki.

Ukaguzi wa kruza iliyotumika

Anza na kinachopeleka nguvu nyuma. Cheni ni rahisi na kila fundi anaijua. Shafti haitaki mengi, lakini ina oili yake ya gia, isiyofika robo lita, ambayo wenye pikipiki wengi hawajawahi kuibadilisha. Fungua nati ya kujazia, chovya kipande safi cha waya: oili ikitoka na vumbi la chuma linalong'aa, ondoka. Mkanda ni kimya na msafi, ila kokoto ikiingia kati ya mkanda na puli inautoboa. Kama kwako kuna hata kilomita 5 za changarawe kila siku, achana na mkanda.

Rimu za spoku kwa kawaida zina tyubu ndani. Kwetu hilo si baya, maana fundi wa kijiweni anaziba tyubu popote. Soma namba nne za mwisho kwenye alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kruza nyingi hukaa gereji muda mrefu, hivyo unaweza kukuta tairi yenye kashata nzuri lakini mpira umekauka na kupasuka pembeni.

Washa injini, weka mita kwenye betri. Ikiwa injini kwenye mizunguko 4,000 kwa dakika mita inasoma kati ya volti 13.5 na 14.8, chaji ni nzima. Ikibaki 12.5, au ikipanda hadi 16, rektifaya (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri) au koili ya chaji imeharibika. Kwenye kruza za kabureta, injini inayokataa kutulia bila choki hata ikiwa moto huwa na kabureta zilizoziba kwa petroli ya zamani. Chungulia ndani ya tenki kwa tochi uone kutu. Mwisho, linganisha namba ya fremu na iliyo kwenye kadi, herufi kwa herufi.

Kuipima mwilini mwako

Ukishainunua, usiendeshe kama ilivyo. Kwanza springi za nyuma. Nyanyua pikipiki hadi gurudumu la nyuma lielee, pima kutoka kwenye ekseli hadi alama uliyoweka juu yake. Ishushe, kaa ukiwa na nguo zako zote za safari, pima tena. Tofauti iwe robo hadi theluthi ya safari yote ya shokapu. Kwa milimita 80 ni kama 20 hadi 27. Ikizidi hapo, kaza springi kwa spana ya ndoano; ukipakia abiria, kaza zaidi. Kruza iliyolegea nyuma inafika mwisho wa shokapu na kugonga kwenye kila shimo, na mwenyewe analaumu kiti.

Pili, usukani. Viwiko viwe vimekunjwa kidogo hata ukiukata usukani mpaka mwisho. Ukiunyanyua kwa vipande vya kupandishia, angalia waya wa klachi, waya wa mafuta na bomba la breki. Injini ikiwa inanguruma taratibu, kata usukani kushoto hadi mwisho, kisha kulia. Mizunguko ikipanda yenyewe, waya wa mafuta umevutika: siku moja utakata kona ya polepole na pikipiki itaruka mbele.

Kioo cha upepo kinasaidia sana, maana kifua chako sasa ndicho tanga. Ukingo wake wa juu uishie usawa wa ncha ya pua ili uangalie juu yake, usiangalie kupitia kwake. Usiku wa mvua utaelewa.

Lile suti la ngozi la spoti weka kando. Limekatwa kwa mtu aliyeinama. Ukikaa wima linakuvuta mabegani na kukuminya tumboni. Glavu na buti endelea navyo.

Mazoea ya kuacha

La kwanza ni mguu. Kwa miaka mguu wako wa kulia umezoea kupata breki chini na nyuma. Siku mtoto akikatiza barabara, mguu utakwenda kulekule na kukanyaga hewa. Kwa hiyo, pikipiki ikiwa imezimwa uani, toa mguu ardhini, weka kwenye kikanyagio, gusa breki. Mara 50 asubuhi, mara 50 jioni, siku tatu mfululizo. Majirani watacheka. Kama kruza yako ina kikanyagio cha gia cha pande mbili, ingiza kwenye zoezi hilo na mguu wa kushoto: kisigino kinapandisha gia, vidole vinashusha.

Breki yenyewe inabadilika. R6 ina diski mbili za milimita 320 mbele, na magurudumu yamekaribiana, milimita 1,375. Ukifunga kwa nguvu tairi ya nyuma inakaribia kuelea, ndiyo maana watu wa spoti huisahau breki ya nyuma. Vulcan S ina diski moja ya milimita 300 mbele, na kati ya magurudumu kuna 1,575. Uzito unabaki nyuma, hivyo breki ya nyuma inafanya kazi ya kweli. Vidole viwili havitoshi tena; tumia vinne, na mguu pamoja. Tafuta uwanja wa lami usio na watu, weka jiwe, funga breki kutoka 30, kisha 40, kisha 50, mara kumi kila mwendo. Bila ABS, yaani mfumo unaozuia tairi kujifunga, tairi ya nyuma ikijifunga pikipiki ikiwa imenyooka, legeza mguu. Kama mkia umeshakwenda pembeni, usiachie ghafla, kwa sababu tairi ikishika lami tena itakurusha upande wa pili.

Kona: kruza hailali kama spoti. Kitakachogusa kwanza ni kijiti cha chuma chini ya kikanyagio, na kimewekwa hapo makusudi kikuonye. Ukisikia mkwaruzo usishtuke wala usifunge breki. Shikilia mafuta yako na sogeza mabega upande wa ndani wa kona ili pikipiki inyanyuke kidogo. Ukiendelea kulaza, itafuata ekzosi au fremu, na hivyo havikunjiki: vinanyanyua tairi kutoka kwenye lami. Punguza mwendo kabla ya kona, si ndani yake.

Tuta nalo lina namna yake. Funga breki mapema, kisha iachie kabla tairi ya mbele haijapanda, ili shokapu za mbele ziwe zimefunguka. Likate kwa unyoofu, sukuma nyayo, nyanyua makalio kidogo, ongeza mafuta kidogo tairi ya mbele inaposhuka. Anayepanda tuta huku breki imeshikwa anaizamisha pua, na tumbo la pikipiki linasugua.

Kwenye foleni na kugeuza, usukani utataka kuanguka upande unaokata, kwa sababu pembe ya mbele, yaani mlalo wa shokapu za mbele, ni nyuzi 31 kwenye Vulcan S dhidi ya 24 za R6. Achia klachi nusu, gusa breki ya nyuma, tazama unakokwenda. Breki ya mbele usiiguse usukani ukiwa umekatwa. Kruza nyingi huanguka kwa mwendo wa kutembea kwa kosa hilo hilo. Jipime ugeuze ndani ya mita 7.

Na sikio lijifunze upya. R6 na Vulcan S zote zinatoa nguvu ya kuzungusha ya zaidi kidogo ya Nm (nyutoni-mita) 60, ila R6 inaitoa kwenye mizunguko 10,500 na Vulcan S kwenye 6,600. Huna haja ya kushusha gia mbili kulipita lori. Lakini usiende upande wa pili pia: injini kubwa ya V ikiburuzwa gia ya juu chini ya mizunguko 2,000 inagongagonga, na kipigo hicho kinakwenda kwenye cheni na beringi. Unaposhusha, shusha gia moja moja, maana injini hizi zinafunga mwendo zenyewe, na kwenye lami yenye mvua tairi ya nyuma itarukaruka.

Baada ya kilomita 500 za kwanza pitia nati zote, hasa za ekzosi, vioo, kibao cha namba na vikanyagio. Mtikisiko wa silinda mbili za V unalegeza kile ambacho silinda nne za spoti hazikuwahi kukigusa. Zinazolegea mara ya pili, isipokuwa za ekzosi, zitie tone moja la gundi ya nati ya bluu, si nyekundu. Nyekundu inataka moto kuifungua.