Jinsi ya Kulinganisha Kodi ya Majengo na Gharama za Maisha katika Maeneo Yanayopakana

Wengi wanaoniomba ushauri kabla ya kununua nyumba huja wakiwa na viwango vya kodi vya maeneo mawili, na wameshaamua kwamba lenye asilimia ndogo ndilo nafuu. Kinachopaswa kulinganishwa ni jumla ya fedha zitakazokutoka kwa mwaka mmoja.

Hatua ya 1. Chagua nyumba mbili zinazokaribiana kwa ukubwa, umri na hali, moja kila upande wa mpaka.

Hatua ya 2. Ulizia kodi inakokotolewa juu ya thamani ipi, kwa kuwa baadhi ya mamlaka hutoza thamani yote ya soko na nyingine sehemu yake tu. Chukua nyumba yenye thamani ya 100,000. Eneo la kwanza linatoza asilimia 2 ya nusu ya thamani hiyo, yaani 1,000 kwa mwaka. La pili linatoza asilimia 1.2 ya thamani yote, yaani 1,200. Ikiwa eneo la kwanza pia humpunguzia mwenye nyumba anayeishi humo 10,000 katika thamani inayotozwa, kodi inashuka hadi 800. Lenye asilimia kubwa ndilo nafuu.

Hatua ya 3. Usichukue ankara ya muuzaji ukadhani ndiyo yako. Katika jimbo la California, kwa mfano, sheria iliyopitishwa mwaka 1978 inazuia thamani inayotozwa kodi isipande kwa zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka, lakini nyumba inapouzwa kwa kawaida huthaminiwa upya. Mnunuzi anaweza kudaiwa mara kadhaa ya alicholipa mwenzake.

Hatua ya 4. Ongeza tozo za taka, maji taka na zimamoto pale zinapodaiwa kando.

Hatua ya 5. Tazama kodi nyingine, maana serikali isiyokusanya hapa hukusanya kule. Jimbo la Oregon, Marekani, halina kodi ya mauzo, ilhali jirani yake, jimbo la Washington, halitozi kodi ya mapato kwenye mishahara. Hata hivyo, anayelala Vancouver upande wa Washington na kuvuka mto kwenda kazini Portland hulipa kodi ya mapato ya Oregon kwa mshahara anaoupata huko.

Hatua ya 6. Jumlisha nauli au mafuta, bima ya nyumba, umeme, maji na malezi ya watoto, ukiacha yale yenye bei moja pande zote mbili. Nauli ndiyo husahaulika mara nyingi, nayo peke yake yaweza kumeza nafuu yote ya kodi. Kisha gawanya jumla kwa 12.

Tofauti ikiwa ndogo, uliza kila mamlaka ilithamini majengo lini mara ya mwisho. Pale ambapo uthamini umekaa miaka mingi bila kurudiwa, nyumba zilizopanda bei kuliko nyingine ndizo zitakazoongezewa mzigo utakapofanyika.