Kukusanya sarafu za silva za kila mwaka ukiwa Mombasa, anza hivi

Nimeulizwa hii kitu mara nyingi nikaona bora niandike yote pahali pamoja. Tunazungumzia zile sarafu ambazo kiwanda cha pesa cha nchi fulani kinatoa kila mwaka, silva tupu ama karibu tupu, wakia moja, na mwaka umepigwa juu yake. Marekani wana Silver Eagle tangu 1986, Canada wana Maple Leaf tangu 1988, Mexico Libertad tangu 1982, Uingereza Britannia ya silva tangu 1997, na Afrika Kusini walichelewa kidogo, Krugerrand ya silva imeanza 2017. Na hii wakia si ile ya jikoni ya gramu 28, hii ni gramu 31.1, halafu masonara wetu wengi wamezoea tola ambayo ni gramu 11.66, kwa hivyo ukitajiwa bei uliza kwanza ni ya kipimo gani.

La kwanza kabisa, chagua nchi moja ukae nayo. Watu wengi wanaanza na moja ya hapa moja ya pale, baada ya miaka mitatu wana rundo tu, hakuna mfululizo. Mimi raha yangu yote iko kwa ile safu, miaka imepangana haina pengo, ukikosa mmoja unalala ukiuwaza.

Sasa ujiulize, wataka picha ibadilike kila mwaka ama ikae ile ile? Philharmonic ya Austria haibadiliki, tofauti ni mwaka tu. Silver Eagle ilikaa na tai yule mmoja mpaka katikati ya 2021 wakabadilisha upande wa nyuma, kwa hivyo huo mwaka una sarafu mbili na safu yako haijakamilika bila zote. Britannia nayo 2023 kuna ya Malkia Elizabeth na ya Mfalme Charles. Ukipenda picha mpya, chukua Kookaburra ya Australia, yule ndege amekuwa akibadilishwa tangu 1990, ama Panda ya China. Ila Panda ina mambo yake, ya 2001 na 2002 zina picha moja, na kuanzia 2016 waliacha wakia wakahamia gramu 30 kamili, usije ukapima ukadhani umeibiwa. Kuna pia ndovu wa Somalia, shilingi 100, picha mpya kila mwaka, watu wa huku wanampenda kwa sababu ya jirani, lakini jueni anapigwa Ujerumani.

Bei. Hapa ndio watu wanaumia. Sarafu ina bei ya silva ya siku hiyo, halafu juu yake kuna nyongeza ya kiwanda na ya muuzaji. Ya mwaka huu nyongeza yake huwa ndogo, ukingoja miaka kumi mwaka ule ule unaweza kuwa adimu. Mfano Eagle ya 1996, zilipigwa milioni 3.6 tu, ndio chache kuliko zote za aina ya kawaida, na hadi leo waiuza kwa bei ya juu. Kwa hivyo nunua ya mwaka ndani ya mwaka wake, za nyuma ujaze polepole. Zile za kung'aa kama kioo, wanaziita prufu, ni nzuri sana lakini nyongeza yake ni kubwa, anza na za kawaida kwanza.

Kiwanda cha Marekani hakiuzii mtu binafsi Eagle za kawaida, zinapitia kwa wauzaji wakubwa, prufu ndio wanakuuzia moja kwa moja. Ukiagiza kutoka nje piga hesabu ya usafiri, bima na ushuru, nenda KRA, wale wa kodi na ushuru wa Kenya, uulize kabla hujalipa chochote. Na kama una ndugu Uingereza wa kukununulia, kumbuka silva kule ina VAT ya asilimia 20.

Ikifika, ipime. Mizani ndogo ya sonara, na kipimo cha upana, Eagle ni milimita 40.6, Maple 38. Silva haishikwi na sumaku, ukiinamisha sarafu ukaweka sumaku kali juu yake inateleza polepole kama iko kwa asali, lakini shaba nayo hufanya hivyo kwa hivyo usitegemee hilo peke yake. Uzito na upana vikubaliane, kama bado una wasiwasi mpelekee sonara unayemwamini kule Mji wa Kale aitazame, lakini mwambie asikwaruze!

Na sasa jambo ambalo wa Nairobi hawalijui, unyevu wetu. Silva inakuwa nyeusi kwa salfa iliyo hewani na unyevu unaharakisha. Mimi nlinunua albamu yenye mifuko laini, plastiki ya PVC, nikaiweka kabatini, masika ilipoisha sarafu mbili zina utelezi wa kijani. Moja niliiosha kwa asetoni safi, si ile ya kutolea rangi ya kucha, ikapona, ya pili ina alama hadi leo na inaniuma kila nikiiona kwa sababu ndio ya mwaka aliozaliwa mwanangu. Tumia vikopo vya plastiki ngumu vya saizi yake, weka kwa mkebe unaofunga vizuri na vile vipakiti vya kunyonya unyevu, badilisha kila msimu. Usiweke raba wala gazeti ndani. Shika kwa ukingo tu. Na wallahi usisugue, si ndimu, si majivu, si dawa ya meno, sarafu iliyosuguliwa mkusanyaji anaijua kwa jicho moja na bei inaanguka papo hapo.

Ukiwa wa Mombasa utaonyeshwa pia riale ya Maria Theresa, sarafu ya silva yenye picha ya malkia wa zamani wa Austria. Imeandikwa 1780 lakini Austria bado wanaipiga na mwaka ule ule, na silva yake ni asilimia 83, kwa hivyo usiilipie bei ya kitu cha kale. Mimi ninayoitafuta ni rupia ya 1888 ya ile kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki (IBEA), ina jina la Mombasa juu yake, uzito wake tola moja kamili. Hiyo ukiipata usiioshe, niite kwanza.